Ziwa Asilofika Shangazi

Naikumbuka bado, mwanangu, Jumamosi moja ya miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili, tulipotoka mtaani kwetu Flemingdon Park kwa magari kwenda kwenye msitu wa serikali, mbali kaskazini mwa Toronto, majani yakiwa yamekwisha kuwa mekundu. Desturi yetu waijua: vijana hutembea msituni hadi ziwani, na kina mama watu wazima hubaki kwenye maegesho wakilinda masufuria ya pilau. Tuliiita heshima.

Mwaka ule Shangazi Mwanaidi, dada mkubwa wa baba yangu, alivaa raba mpya. Akaninong'oneza, "Leo pilau ijilinde yenyewe. Nataka kuliona hilo ziwa kabla magoti hayajanigomea."

Nikampa mkono. Tulikwenda polepole, naye akigusa magome ya miti kama mtu anayeamkia wakwe. Upepo wa ziwa ulikuwa umeshatufikia usoni, ndipo binamu yangu Rashidi, mkuu wa safari, alipotukuta akirudi na wenzake.

"Shangazi, mizizi yote hii na umri huo? Ukivunjika nyonga, Baba atanila nyama."

"Nyama gani uliyo nayo wewe?"

Wenzake wakacheka. Rashidi hakucheka. Alimshika bega kwa adabu zote, akamgeuza. Nilipofungua kinywa kumtetea, nikaambiwa mdogo hasemi mbele ya wakubwa.

Tukarudi. Shangazi alitamka neno moja tu njia nzima: "Mmenihurumia mpaka mmeninyima."

Mwaka uliofuata magoti yalikuwa yamegoma kweli. Nikamwahidi kiti cha magurudumu na vijana wa kukisukuma. Akatikisa kichwa. "Sikutaka kupelekwa, mwanangu. Nilitaka kwenda." Amezikwa huku huku ugenini, katika nchi ambayo hatukumwacha aikanyage kwa hiari yake.

Twasema utu uzima dawa, na dawa yenyewe tunaifungia kabatini. Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake. Basi, mwanangu, usimkadirie mzee nguvu zake kwa hofu yako. Muulize anataka nini, kisha nyamaza usikie jibu, hata likikutisha. Akichagua hatari yake, mpe mkono, usimpe amri. Upole unaomfungia mtu njia ni dhuluma, ingawa huvaa kanzu safi.

Mwenyezi Mungu akujaalie umri mrefu, na akuzungushie watu watakaokuuliza.