Nyota Ndani ya Lango

Kuna watu wakitoka kazini hupumzika. Wengine wakitoka kazini huingia kazini. Mke wa Mwalimu alikuwa wa hao wa pili, na kama hukubali, kaiulize shingo yake.

Miaka thelathini na mmoja alikuwa akikagua maandishi kwenye kiwanda cha uchapaji, upande wa vile vikaratasi vya dawa vinavyokunjwa mara nane na kutiwa ndani ya boksi, halafu mgonjwa asivisome. Yeye alivisoma vyote. Nakala halali kushoto, nakala mpya kulia, rula chini ya mstari, kisha neno kwa neno, nukta kwa nukta. Nukta moja ikihama, nusu kidonge inakuwa vitano, na mtu ndiyo basi tena. Kwa hiyo hakuwahi kupitisha kosa. Hata moja! Wenzake walimbandika jina la Bi Nukta, na mpiga chapa, mtu wa mizaha, hakuchoka kumwambia, "Bi Nukta, wewe siku ukifa utalikagua jeneza kwanza."

"Na nikikuta umelipiga chapa wewe, nalirudisha," humjibu bila kuinua kichwa.

Nyumbani kazi ya pili ilikuwa imekaa kwenye kiti kando ya dirisha, inamsubiri. Mumewe alikuwa amestaafu ualimu wa historia, na maradhi yake ya zamani, mbali na kisukari, yalikuwa sarafu za Kirumi. Usifikirie dhahabu. Dhahabu ya wapi! Vilikuwa vishaba vyembamba, vidogo kama vifungo vya shati, vya zile zama za mwisho mwisho ambapo Roma yenyewe ilikuwa imeshachoka. Makaisari wake utadhani wote wamezaliwa tumbo moja: pua ile ile, shingo ile ile, macho yametoka kana kwamba wameona deni. Ili umjue nani ni nani, na sarafu ilipigwa mji gani, lazima usome viherufi vya chini, uvilinganishe kimoja kimoja. Mwalimu aliupenda mchezo huo kuliko chakula.

Kisha kisukari kikamla macho. Tangu hapo, mwaka wa nne sasa, Bi Nukta ndiye macho yake. "Nisomee, mama," anasema, na mama wa watu, aliyetoka kulinganisha tangu asubuhi, anaketi kulinganisha tena. "Kichwa kimetazama kulia. Taji la lulu. Herufi ya mwisho imefutika." Mwalimu anatikisa kichwa kwa raha. Mkewe macho yanamwasha kama aliyekata vitunguu.

Hakuwa akilalamika. Au tuseme alilalamika kwenye sinki, akiosha vyombo kwa kishindo.

Sasa, katika sarafu zote hizo, moja ndiyo ilikuwa roho ya Mwalimu. Upande mmoja Kaisari, upande wa pili lango la ngome lenye minara miwili. Sarafu za namna hiyo ziko tele, na nyota yake hukaa juu ya lango. Ya Mwalimu nyota ilikuwa ndani ya lango. Mwalimu aliamini kwamba mchonga muhuri wa kupigia sarafu alipitiwa, akaichonga mahali pasipo pake, na sarafu chache zikapigwa kabla bwana mkubwa hajagundua. Miaka ishirini na sita iliyopita aliwaandikia wakubwa wa chama cha wakusanyaji sarafu. Wakamjibu mistari miwili: huenda kuna mtu ameichokoachokoa nyota hiyo; ikionekana ya pili iliyopigwa kwa muhuri huo huo, tutazungumza.

Mistari miwili ile ilimkaa rohoni. Mtu mzima, mwalimu, kuambiwa kwa adabu kwamba ni mjinga! Tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine duniani ila kuiona ya pili kabla hajafa. Macho yakaenda, hamu ikabaki.

Jumamosi hiyo Bi Nukta alirudi saa nane mchana, hoi, hamu yake ni kitanda tu. Akamkuta mumewe mezani amevaa koti lake la shule. Alikuwa amejinyoa mwenyewe, kwa kupapasa, na kidevu kilikuwa na vidonda vitatu.

"Mama, imefika," alisema. Mkono wake ulikuwa juu ya kibahasha. Daktari wa meno mmoja wa ng'ambo, mkusanyaji mwenzake, alikuwa ameahidi kuituma: nyota ndani ya lango. "Nimekungoja. Sijaigusa hata kwa ukucha. Nataka uione wewe kwanza."

Habari ya kulala ikaishia hapo. Akaosha mikono, akatandaza kitambaa cha kijani, akawasha taa ya meza, akaweka sarafu ya zamani kushoto na mpya kulia, kama kazini. Akainamia lenzi.

Nyota ilikuwamo. Ncha yake ya chini ilikuwa ndefu kuliko nyingine, kama ile ya kwanza. Mnara wa kulia ulikuwa umepinda vile vile. Lo! Mzee wa watu alisema kweli!

"Sema basi," Mwalimu alisema.

"Subiri, baba. Bado nakagua."

Akazigeuza. Shavuni mwa Kaisari, chini ya jicho, palikuwa na kishimo. Kwenye ile nyingine, kishimo. Ukingoni nyuma ya kichwa palikuwa na pengo dogo, kovu ambalo Mwalimu alilijua kwa kidole gumba kama mtu anavyolijua pengo la jino lake. Kwenye ile nyingine, pengo hilo hilo, mahali hapo hapo.

Bi Nukta akarudia kutazama.

Hilo hakuhitaji kufundishwa na Mrumi. Kosa la bamba la kuchapia hurudi kwenye kila karatasi, hiyo ni kawaida. Lakini doa la chai lililomwagikia karatasi moja halirudi. Ukiliona kwenye karatasi mbili, jua hazikuchapwa. Kuna mtu amezinakili. Na sarafu ndivyo. Nyota iliyokosewa ingetoka kwenye muhuri. Pengo la ukingoni hutoka kwenye kuanguka, kwenye jembe, kwenye maisha ya sarafu yenyewe, na sarafu mbili hazianguki mahali pamoja. Hizi hazikupigwa nyundo. Zilimiminwa kwa shaba ya kuyeyusha kwenye kalibu moja na fundi wa juzijuzi. Hata vitundu vya hewa ya kalibuni vilikuwapo juu ya zote mbili, vidogo kama vya povu la sabuni. Vile vya kushoto alikuwa ameviona miaka yote, na Mwalimu akimwambia ni kutu ya udongoni. Na yeye akakubali! Yeye, Bi Nukta!

Akamtazama mumewe. Koti. Vidonda vya kidevuni. Alimwonea huruma.

"Mama?"

"Ni pacha," alisema. "Muhuri mmoja. Hongera, Mwalimu."

Mwalimu akafunika uso kwa viganja, mabega yakatikisika. Baada ya muda akajifuta na kunyoosha mkono. "Nipe nimshike na mimi pacha huyo."

Jamani, njia ya mwongo fupi. Angeweza kumpa ile ya zamani, lakini hakuwahi, maana mkono wa mzee ulikuwa umeshatua kulia. Kidole gumba kikapanda kwenye nyota, kikashuka, kikazunguka ukingo polepole. Nyuma ya kichwa kikasimama. Kikarudi nyuma, kikapita tena, kikasimama tena. Akaitafuta na ile nyingine, akafanya vile vile.

Jikoni bomba lilidondosha matone.

"Kazini," Mwalimu alisema mwishowe, "umewahi kupitisha kosa?"

"Hapana."

"Basi leo ndiyo mara ya kwanza."

Bi Nukta alianza kulia. "Nilikuonea huruma, baba. Ningefanyaje? Umevaa mpaka koti."

"Najua." Sauti yake ilikuwa imechoka kuliko alivyowahi kuisikia. "Sarafu ya bandia nimeishi nayo miaka ishirini na sita, na sikufa. Lakini macho ya bandia siyawezi. Wewe ukinidanganya, mimi ndiyo nimekuwa kipofu."

Alivuta karatasi, akaandika kama alivyoambiwa na Mwalimu: kwa daktari wa meno, ahsante, zote mbili ni za kalibu; kwa wakubwa wa chama, mlikuwa na haki ya kushuku. Akamsomea bila kuruka neno. Mwalimu akavua koti, akaliweka magotini.

"Umechoka, mama. Kalale."

Alikuwa amechoka, tena sana. Lakini alifungua kisanduku cha sarafu, akatoa sarafu ya kwanza kabisa ya safu ya kwanza, akaisogeza chini ya lenzi, aanze kukagua zote upya.

"Kichwa kimetazama kulia," alianza. "Shavuni pana vitundu. Hivyo sikukwambia."