Mtoto Mgongoni, Darasa la Nne

"Kwani hapa shuleni ndipo mnapolelea watoto?" mwalimu aliniuliza. Mgongoni nilikuwa nimembeba mdogo wangu kwa kanga ya mama. Mama alikuwa kwenye mwalo wa wachimbaji wadogo, nje kidogo ya Geita, akiosha mchanga wa dhahabu kwa zebaki, na watoto hawakuruhusiwa kule. Bibi alikuwa mbali, Kishapu, na ng'ombe wake.

"Mwalimu, mpe mama kiti anyonyeshe!" alidakia mmoja wa nyuma. Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Alinionyesha mlango.

Kwa wiki mbili nilikaa nje chini ya dirisha, nikiandika nilichosikia. Kisha nikaacha kwenda mpaka mtoto alipojua kutembea, na mwaka uliofuata nikarudia darasa. Sikumbuki kama nililia.

Siku hizi, watu wakisema kulea si kazi ya shule, mimi huwauliza ni kazi ya nani basi, saa mbili asubuhi.

Nilikuwa nimeshamaliza chuo kikuu ndipo jirani wa mwalimu yule aliponieleza kwamba mwaka ule mwalimu alikuwa akimfungia mwanawe wa miaka miwili chumbani, kufuli kwa nje, mpaka kengele ya mwisho.