Jina Halikusomwa Mtinko

Juzi nilikuwa Mtinko, kwenye foleni ya mashine ya kukamua alizeti, redio ikaanza kusoma kikosi cha wanawake kinachokwenda fainali za Afrika. Mwenye mashine alizima injini ili mama mmoja pale foleni asikie vizuri. Binti yake ni golikipa, na alikuwa ameitwa kambini.

Yakasomwa majina ya makipa watatu. La binti yake halikuwamo. Mama akabaki ameshika shingo ya gunia lake.

"Pole, mwanangu," alisema mzee aliyekuwa nyuma yangu. "Sasa mwambie arudi nyumbani aolewe. Mpira umemkataa."

Mama aligeuka, akakunja goti kidogo kwa heshima. "Baba, mwaka ule mvua ilipotukataa, alizeti yote ikakauka shambani. Ulimwambia nani aache kulima?"

Mama akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya juu tusikie sote.

"Wamekuacha?"

"Wameniacha, mama." Binti alikuwa analia.

"Lia umalize. Kesho klabuni mazoezi ni saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Usichelewe."

Akakata simu, akamwambia mwenye mashine awashe injini.

Tangu siku hiyo nimewasikiliza wachambuzi wengi wakieleza kwa nini huyu kaitwa na yule kaachwa. Sijamsikia hata mmoja akiuliza mazoezi ya kesho ni saa ngapi.