Fundi Aliyenyanyua Pua za Magari

Ukiona gari la kubeba kabichi kutoka Mgwashi limeinua pua kama ng'ombe anayenusa mvua, ujue limepita mikononi mwa Elisante. Mimi nilimuuzia spea kwa miaka kumi na nane, kwa hiyo asije mtu akanisimulia habari zake. Zimesimuliwa vya kutosha na watu wasiojua hata springi inakaa upande gani wa gari.

Naitwa Faudhia, ingawa hapa Lushoto wote wananiita Mama Shadya. Kwetu ni Tanga mjini. Nilipanda huku nikimfuata mume wangu, mwalimu, akafariki, nami nikabaki na duka la spea karibu na stendi. Mpaka leo kuna wanaoniuliza nitarudi lini kwetu, na nimeshachoka kuwajibu.

Elisante alikuwa Mshambaa wa Mgwashi, Mlutheri wa kushika saa ya ibada kuliko mchungaji, mrefu, mkimya. Gereji yake ilikuwa chini ya mikaratusi, kwenye barabara ya kupanda Magamba. Hakuwa na futi wala tepu. Kipimo chake kilikuwa vidole. Gari likimjia springi zake za mbele zimelala kwa uzee na mizigo, ekseli inagonga kila jiwe, yeye huchuchumaa, huweka vidole kati ya ekseli na chesisi, kisha hunijia dukani na orodha kichwani. Springi zenye majani mengi zaidi, yale mabamba ya chuma yanayopangwa pamoja, shokamzoba ndefu za kulingana nazo, bushi mpya. Baada ya siku tatu gari linatoka limenyanyuka mbele vidole vinne, linavuka mawe ambayo zamani lilikuwa linayalilia.

Halafu kulikuwa na jaribio lake. Hakuna gari lililotoka gereji bila kujazwa mawe na kupandishwa Magamba, mwenye gari amekaa pembeni, Elisante amevua kofia na kusali kabla ya kutia gia. Likifika juu bila kulia, kazi imekwisha, na kurudi chini humpa mwenye gari aendeshe mwenyewe, taratibu, kwenye lami. Nimeishi nao hawa watu wa milimani na nimewaona. Wasiwasi wao wote wa gari ni kupanda. Likishapanda wanaamini kushuka litajishukia.

Dereva Kristian alikuwa shemeji yake. Alimwoa Dorkasi, dada pekee wa Elisante, ambaye Elisante alimlea tangu mama yao alipofariki. Ujanani Kristian alikunywa sana pombe ya miwa, na hakuficha. Dorkasi alimwambia atamkubali siku atakapoacha, akaacha. Miaka kumi na mmoja hakuonja. Kwenye harusi alishika soda yake, wenzake wakimtania kwamba ameolewa yeye, naye akicheka pamoja nao. Nilimpenda kijana yule, nasema wazi.

Alikuwa na Land Cruiser ya zamani, pikapu. Ilishusha kabichi, ikashusha wagonjwa na wajawazito, ikapandisha majeneza. Masika ya mwaka ule yaliichana barabara ya Mgwashi, na mara mbili Kristian alifika mjini jani kubwa la springi limekatika. Akamwomba shemeji yake amnyanyulie gari.

Elisante alilifanya kwa mapenzi ambayo sikuwahi kuyaona kwenye gari la mtu mwingine. Alifunga springi mpya, shokamzoba ndefu, hata boliti akazipaka grisi moja moja kwa kidole. Mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kutoka kwenye chesisi hadi kwenye ekseli, ukabaki wa zamani. Gari likiwa limesimama chini aliupapasa, akaona una nafasi ya vidole viwili. Angelipiga jeki akaacha gurudumu lining'inie, angeona kitu kingine. Shokamzoba fupi za zamani zilikuwa zinaizuia ekseli isishuke mbali. Alipoweka ndefu, kitu kifupi kuliko vyote pale mbele kikawa mpira wa breki. Lakini Magamba, gari linapanda kwenye lami na mzigo wa mawe, gurudumu halining'inii hata mara moja. Likapanda bila kulia. Wakaja dukani wote wawili wamechafuka, Kristian akanipa kabichi mbili na kusema gari lake sasa lina kiburi.

Wiki ya tatu, Jumanne asubuhi, Kristian alikuwa anashuka kutoka Mgwashi na kabichi hadi juu, pamoja na madumu mawili ya pombe ya miwa ya harusi ya watu wa Soni. Wanawake waliokuwa wanapalilia walimwona. Kwenye kona ya juu gurudumu la kushoto lilidumbukia kwenye korongo la maji, gari likainama, likatoka, likaendelea vizuri. Kona iliyofuata halikupunguza mwendo. Walisema alipiga honi mfululizo, watu wampishe, na honi haikukatika mpaka gari lilipokwenda bondeni. Alifia pale pale. Madumu yakapasukia juu yake.

Basi harufu ndiyo iliyotoa ushahidi. Kabla maiti haijafika nyumbani, mlima mzima ulikuwa unajua kwamba Kristian amerudia chupa. Kwenye maziko, Benjamini, mzee wa kanisa, alisimama kutoa neno la faraja. Hakumtaja marehemu kwa jina. Alisema tu kwamba wapo wanaomrudia shetani wao kimya kimya, na siku moja humlipa. Dorkasi alikuwa mbele kabisa na watoto wake wawili, akajifunika uso kwa kanga. Nilitamani kuvua kiatu nimrushie yule mzee. Sikuvua. Wakati ule sikujua kilichotokea, nami nilikaa kama wengine, nikiwa na harufu ile puani na aibu yake.

Baada ya wiki mbili Elisante alikwenda kulivuta gari kutoka bondeni. Siku hiyo hiyo, saa sita mchana, akaingia dukani na kuweka mpira wa breki juu ya kaunta. Ulikuwa umenyofoka karibu na kichwa chake cha chuma. Palipokatika palikuwa papya, peusi, pamevutika. Hakuwa na haja ya kunieleza. Nimeuza vitu hivyo nusu ya maisha yangu.

"Mama Shadya," akasema, "hakunywa."

Nikamwambia afunge mdomo. Nikamwambia ana mke, ana watoto, atafungwa, na Kristian hatarudi kwa maneno. Yeye alisimama tu, mikono imening'inia. Nikauchukua mpira, nikatoka nao uani, nikautumbukiza kwenye shimo la choo. Aliniona, na hakunizuia.

Kuanzia hapo akaanza kuagiza mipira mirefu. Magari yote aliyowahi kuyanyanyua aliyafuata moja moja, Soni, Bumbuli, Mlalo, akalala chini ya kila moja na kubadilisha mpira. Wenye magari aliwaambia kuna kitu kidogo alisahau. Magari kumi na tisa. Akawa halipandishi tena gari Magamba. Alilipiga jeki, akaacha magurudumu yaning'inie, akakaa anayatazama hata nusu saa, watu wakadhani anaumwa.

Kwa dada yake alikuwa akipeleka unga na mafuta ya taa, akiweka mlangoni na kuondoka.

Mwaka ulipokaribia kutimia, Dorkasi alitaka kujengea kaburi kwa saruji na kusimika msalaba, kama wafanyavyo Wakristo wa kule. Akamwita kaka yake washauriane maneno. Akasema yeye anataka jina na tarehe basi. Ile "Amelala katika Bwana" hapana, maana hawezi kuandika uongo kwenye jiwe. Hapo Elisante akashindwa kuvumilia. Akamweleza dada yake yote: springi, shokamzoba, mpira, bonde, mpaka shimo langu la choo. Jumapili iliyofuata Elisante akaomba nafasi kanisani, akasimama mbele ya watu wale wale waliomsikia Benjamini kwenye maziko.

Mimi si wa kanisa hilo, lakini habari zilinifikia kabla ya chakula cha mchana. Alisema Kristian hakunywa. Alisema yeye ndiye aliyemuua, kwa mikono hii, akainyanyua. Na watu wakalia. Unajua walilia nini? Walilia kwa kumpenda. Walisema shemeji gani huyu, anabeba dhambi ya marehemu ili watoto wa dada yake watembee kifua mbele. Wakamuuliza mpira wenyewe uko wapi, akasema umetupwa, wakatikisa vichwa kwa huruma. Benjamini akamkumbatia na kumwambia Mungu ameuona moyo wake. Alivyozidi kusema kwamba ni kweli, ndivyo walivyozidi kumsifu.

Jumatatu Dorkasi akaja dukani peke yake.

"Shikamoo, Mama Shadya."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. Alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

"Kaka anasema mpira uliokatika uliuona kwa macho yako. Watu wanasema ananisitiri tu. Mimi niliwaambia watoto baba yao alikufa amelewa. Niliwaambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, ili wasije kuonja. Kila wakimtaja nawaambia hivyo. Watu siwajali. Nitakaloambiwa na wewe ndilo nitakalowapelekea. Uliuona, au hukuuona?"

Hapa sina budi kusema jambo nililoliruka. Nimesema mpira wa zamani ulibaki, sikusema kwa nini. Elisante aliuomba mrefu. Siku ile alipochukua springi alisimama pale pale aliposimama dada yake, akauliza kama ninayo mipira mirefu ya breki. Ilikuwapo. Ilikuwapo miwili, ndani ya boksi chini ya kaunta, imewekwa kwa ajili ya mteja wa Muheza aliyesema atakuja Jumamosi. Nilikuwa na njaa, nataka kufunga duka nikale. Nikamwambia, "Haipo, fundi, lakini wa zamani utafika." Akaniamini, kwa sababu kwa miaka yote ile sikuwahi kumuuzia kitu kibovu.

Sijui kama aliwahi kugundua kwamba ilikuwapo. Ninachojua ni kwamba hakuna mahali alipotaja kwamba aliuliza. Kanisani hakutaja, kwa dada yake hakutaja. Alibeba la kwake na la kwangu pia. Nami nilijua nikisema niliuona, swali la pili litakuwa kwa nini haukufungwa mrefu, na Dorkasi ni mwanamke wa kuuliza swali la pili.

Nikachukua kitambaa nikafuta kaunta, ambayo haikuwa na vumbi.

"Mwanangu," nikamwambia, "hapa dukani mipira inapita mingi. Sikumbuki."

Aliniangalia kwa muda, bila hasira. Nadhani ningeweza kustahimili hasira. Kisha akatengeneza kanga yake, akanishukuru, akaniambia kaka yake ana moyo mwema mno na atamwombea apone. Akateremka kuelekea stendi.

Msalaba umesimikwa. Nilikwenda Mgwashi kuuona, nikajifanya nafuata viazi. Una jina na tarehe mbili, basi. Elisante amefunga gereji, amerudi kwao kulima. Kila anapopita watu humwinukia, vijana humpa shikamoo kwa mikono miwili, na Benjamini humtaja katika mafundisho kama mfano wa upendo. Yeye huitikia akitazama chini. Tulikutana njiani siku ile ya viazi. Nikamwambia, "Onga mshi, mghosi," salamu ya Kishambaa, kama nilivyokuwa nikimsalimu zamani. Akaniitikia kwa adabu, akauliza hali ya Shadya, akapita na jembe lake. Hakunilaumu hata kwa jicho, na kwa hilo naona haya mpaka leo.

Yule mteja wa Muheza hakuja Jumamosi ile, wala Jumamosi nyingine yoyote. Elisante alipokuwa akiagiza mipira ya yale magari kumi na tisa nilimletea mipya kutoka Tanga, kwa kuwa ile miwili sikuweza kuitoa mbele yake. Bado iko chini ya kaunta, ndani ya boksi lake.