Kata ya Chini ya Pipa

Kule Kinole wananijua kwa kununua ndizi na kwa ubishi. Mkungu nauhesabu vichane nikiwa nimesimama, kisha nauhesabu tena nikiwa nimechuchumaa. Sijawahi kujuta, isipokuwa mchana mmoja, na ule ulinigharimu jino.

Nilipanda hadi kwa mjane mmoja mwenye pombe ya miwa ndani ya pipa la mbao. Pipa lilitoka misheni, zamani lilitunza divai. Pombe ya wenzake hunywewa siku ya tatu. Yake ilikuwa imelala humo tangu masika, na sasa vuli ilikuwa imeanza. Nilitaka pipa zima, nilipeleke baa mjini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kununua au kubishana?"

"Vyote, mama."

Uani wanaume sita walikaa kwenye magogo, wakisubiri. Kule mwenye pombe hunywa kwanza mbele ya wageni, waone haina sumu. Akachota kata moja, akaimaliza, akajifuta mdomo. Zamu yangu ilikuwa kupokea na kushukuru. Mimi nikawaza bei.

"Onja tena, mama. Sasa ya chini. Mimi kila kitu hukagua mara mbili."

Nilidhani nakagua mzigo, kumbe kumwambia arudie ni kumwita mchawi.

Shemeji yake, mmoja wa wale sita, alinipiga na kata mdomoni, jino likatoka. Nikaanguka, akanikanyaga mbavu.

"Mwache!" mwingine akainuka. "Kauliza la maana. Kaka yangu alikunywa hapa, akafa kwa tumbo!"

Alikuwa ameshika shoka la kuni. Shemeji alipomgeukia, mwenye shoka alimtandika begani kwa mpini, nikasikia mfupa ukivunjika kama muwa. Wengine wakasimama, ila si kuamua ugomvi.

"Tunapasua pipa. Halafu tunachoma nyumba, naye ndani," akasema mwenye shoka.

Mjane alikuwa ameegemeza mgongo kwenye pipa. "Nitakunywa," akasema.

"Wewe umeshameza kinga yako!"

Basi alibaki mgeni, na mgeni alikuwa mimi. Nikatambaa, nikazibua kizibo cha chini, nikajaza kata, nikainywa yote.

Ilikuwa nyeusi, nzito. Ulitangulia utamu wa muwa ulioungua, ukafuata ubao, kwa mbali divai ya mapadre, na damu yangu juu ya vyote. Kisha moto ukashuka hadi magotini.

"Tungoje kivuli cha nyumba kifike kwenye lile gogo," akasema mwenye shoka. "Akidondoka, tunajua."

Hapo ndipo nilipoelewa shida yangu. Sikuwa nimekula tangu asubuhi. Nikianguka kwa ulevi, wataita sumu, na yule mama ataungua. Nikashika ukingo wa pipa. Nikawahesabu wanaume: kumi na wawili. Nikarudia: kumi na wanne. Nikaacha kuhesabu, mara ya kwanza maishani, nikakaza macho kwenye kivuli. Ulimi niliuuma mpaka nao ukatoa damu.

Kivuli kikagusa gogo. Nilikuwa nimesimama.

Mwenye shoka akalitua chini, akaomba kata. Mjane hakumpa. Alikuja kwangu kwanza, akanizaba kibao, macho yakaona nyota. Kabla sijajishika akanizaba cha pili.

"Si hukagua mara mbili?" akasema.

Hapo sasa nikaanguka.