Jogoo wa Toleo la Kwanza

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Nasema mapema ili mtu asije akafikiri amenifumania huko mbele. Chai niliyo nayo hapa karibu na Mogogosiek, ng'ombe wangu na nyumba ya mawe, vyote nimevitoa kwa mikono hii. Na kanisani mimi ndiye husimama mbele kutangaza matoleo. Hiyo kazi nimeifanya miaka mingi, kwa hivyo sikudhani kuna mtu anaweza kunifundisha maana ya toleo.

Mjukuu wangu, binti wa kijana wangu mkubwa, yuko kidato cha tatu katika shule ya kutwa iliyo juu kidogo ya kituo tunachopimia majani. Mwaka jana yeye na wenzake waliamua kutengeneza gazeti la shule, la kuandikwa na wanafunzi wenyewe. Naibu wa mwalimu mkuu hakulitaka. Aliwaambia wazazi wa huku hawasomi kitu isipokuwa risiti ya chai, na gazeti lisilosomwa ni karatasi ya kufungia maandazi. Lakini mtoto alimsumbua mpaka akachoka, akampa nafasi moja. Ijumaa saa nane waje na mpango wao, na waonyeshe kwamba kuna wazazi wanaolitaka hilo gazeti. Wakishindwa, wanyamaze, warudi kwa hesabu.

Basi mtoto akaanza kile alichokiita utafiti. Kila jioni akitoka shule anapita kwa nyumba za watu na daftari, anauliza wangependa kusoma nini. Siku moja nilimsindikiza kwa sababu ya mbwa, nikasikia kwa masikio yangu. Mzee mmoja alitaka iandikwe bonasi ya chai itakuwa ngapi. Alipoambiwa wanafunzi hawajui, akauliza sasa wanaandika nini kama hawajui. Kijana wa bodaboda alitaka mpira tu. Mweka hazina wa akina mama kanisani, mwanamke ambaye haogopi hata askofu, alitaka ukurasa wa ng'ombe waliopotea, na jina la yule mtu ambaye ng'ombe wa watu hupatikana kwake kila mara. Mjukuu wangu aliandika yote bila kucheka. Hapo nilimheshimu, maana mimi nilikuwa nimegeuka nikiangalia ua.

Zamu yangu ilifika jikoni, nikinywa mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu. Nikamwambia maneno yawe machache, picha ziwe kubwa, na ile ya mbele iwe ya mtu wa maana. Sikutaja mtu. Nilisema tu kwamba suti yangu ya kijivu iko safi.

Akaandika. Kisha akafunga daftari, akaniangalia vile nyanya yake alikuwa akiniangalia akitaka kitu.

"Kugo," akasema, kwani huku kwetu babu huitwa hivyo, "utatusaidia na toleo la kwanza?"

Wacha nikwambie, nilifurahi. Nilifikiri hawa watoto wamelelewa vizuri, kwamba hata kabla gazeti halijazaliwa wamekumbuka kumtolea Mungu. Nikamwambia hilo aniachie mimi, asijisumbue. Akanishukuru sana. Tukaachana hapo, kila mmoja akijua mwenzake amemwelewa.

Jumapili nikasimama mbele kama kawaida. Nikatangaza kwamba Ijumaa saa nane shule yetu ina toleo la kwanza, na anayependa watoto wake aje na alicho nacho. Mchungaji akasema amina. Mjukuu wangu hakuwepo, alikuwa amelala kwa shangazi yake huko Mulot, ndiyo maana hakuna aliyenizuia.

Ijumaa nikavaa suti ya kijivu, nikamshika jogoo wangu mwekundu, nikapanda kilima. Getini watu walikuwa wamejaa. Kulikuwa na kabichi, gorogoro za mahindi, vibuyu vya maziwa, na kondoo dume mmoja mwenye tabia mbaya. Askari wa geti alikataa kufungua, akasema hakuambiwa kuna mnada. Huku vitu vya matoleo hupigwa mnada nje ya kanisa baada ya ibada, na yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza kuangalia kabichi fulani kwa jicho la mnunuzi. Nikamwambia mimi ni mzee wa kanisa, afungue. Akafungua.

Wanafunzi walikuwa wamebandika karatasi zao ukutani darasani, kila ukurasa na mambo yake. Naibu alikuwa ameketi mbele. Mjukuu wangu alikuwa katikati ya maneno yake tulipoingia kwa wimbo, akina mama wametangulia na kondoo nyuma. Nasema ukweli, tuliimba vizuri.

Wimbo ulipoisha, naibu akaniuliza kwa heshima hii ni nini. Nikamjibu ni toleo la kwanza, nikamwinua jogoo juu kwa miguu ili aone vizuri. Mwanafunzi aliyeshika kamera ya shule akapiga picha. Mjukuu wangu akafunika uso kwa daftari.

Halafu akaja, akaninong'oneza, lakini darasa lilikuwa kimya na kila mtu alisikia.

"Kugo, toleo ni gazeti lenyewe. Likitoka mara ya kwanza ndiyo tunaita toleo la kwanza. Mimi nilitaka utupe hadithi yako."

"Hadithi gani?"

"Vile ulianza chai. Hiyo tu."

Nilimwangalia jogoo. Nikauliza ni nani aliyekaa chini akaamua gazeti liitwe kama sadaka, na mpaka leo sijajibiwa.

Naibu akaanza kukusanya vitu vyake. Alisema bila ubaya kwamba anawashukuru wazazi, lakini hawa wamekuja kutoa sadaka, hawakuja kwa sababu ya gazeti, kwa hivyo wanafunzi hawajaonyesha kitu. Nikamwona mtoto akifunga daftari lake. Jioni zote zile za kutembea kati ya mbwa, na mimi babu yake ndiye niliyemwaga kila kitu nikiwa nimevaa suti. Nikamshusha jogoo.

Aliyesema ni yule mweka hazina. Alikuwa ameshatua malenge yake chini, anasoma ukuta na kidole.

"Mwalimu, hii ukurasa ya ng'ombe ni mimi niliitisha. Lakini jina ya mwizi sioni."

"Mama, tutashtakiwa," mjukuu wangu akamwambia.

"Basi andika mahali anakaa."

"Hata hiyo tutashtakiwa."

"Andika tu ako na koti ya kijani. Tutajua."

Watu wakacheka, kisha wakasogea ukutani, kila mtu akitafuta neno lake. Yule mzee wa bonasi akakuta wanafunzi wamepanga kwenda kiwandani kuuliza jinsi bonasi inavyopangwa, akasema ataenda nao, ana maswali. Wasiojua kusoma walisomewa, na wakabisha zaidi ya wanaojua. Mmoja alitaka mpira utolewe, bodaboda akakataa, kondoo akapata nafasi ya kumgonga mtu. Naibu aliangalia hao wazazi wasiosoma kitu isipokuwa risiti, akaketi tena.

"Haya," akasema mwishowe. "Nitawaruhusu toleo moja kwanza, tuone."

"Ya kuku ama ya karatasi?" mweka hazina akauliza.

Naibu akacheka mpaka akavua miwani. Baadaye tulifanya mnada pale uwanjani, na jogoo wangu alinunuliwa na yeye.

Gazeti lilitoka muhula uliofuata. Hadithi yangu imo. Nilisema, mjukuu akaandika, na ameikata mahali pengi, hasa mahali pazuri. Picha ya mbele ni ya jogoo, mkubwa, mwekundu, kichwa chini. Uso wangu haupo. Lakini juu kabisa, pale miguu yake iliposhikwa, kuna mkono, na kipande cha suti ya kijivu. Mgeni akija hapa nyumbani namwekea gazeti mezani kabla hata ya chai, namwonyesha kwa kidole. Namwambia, huo mkono ni wangu.