Kidole cha Pechiyammal

Sudalaimani siku hizi ni mheshimiwa. Ana gari lenye bendera, ana walinzi wawili wanaomfungulia mlango kana kwamba mikono yake imepooza, na akipita Vagaimedu watu husimama kando ya barabara wakaunganisha viganja kumsalimu. Pechiyammal hasimami. Akisikia king'ora huinuka na ungo wake wa majani, akaingia ndani na kufunga mlango, na gari likishapita hutoka akatema mate barabarani. Ukimuuliza ana nini na mheshimiwa, hakujibu. Anakuonyesha mkono wake wa kushoto. Una vidole vinne.

Miaka ishirini na mitano iliyopita, bado ni enzi za karatasi na masanduku ya kura, alikuwa mjane wa miaka thelathini na moja mwenye binti mdogo, Esakki, na hakuna mwanamke mtaani aliyemshinda kusokota sigara za majani. Elfu moja kwa siku, na hadithi anapiga huku anasokota. Pia alikuwa mwanachama wa chama cha Kinu. Si mwanachama wa kuvaa sare siku ya mkutano tu, hapana. Alipaka kuta chokaa, alichora kinu cha chama kwenye kila ukuta aliopewa, na siku ya uchaguzi wa bunge la jimbo aliketi kituoni, darasa la tatu la shule ya msingi, kuwa wakala wa chama chake. Alikuwa amepiga kura yeye wa kwanza, asubuhi, na wino ulikuwa haujamkauka vizuri kwenye kidole cha shahada.

Saa tisa alasiri vijana wa Gurudumu, chama pinzani, wakaingia na miundu mikononi. Walitaka sanduku. Wasimamizi walitorokea dirishani, mawakala wenzake wakawafuata, na polisi wa mlangoni, lo, yule alikuwa ametangulia zamani. Pechiyammal akalalia sanduku.

"Toka, we mwanamke," kiongozi wao akamwambia. Alikuwa Sudalaimani huyu huyu, wakati huo mwembamba, masharubu ndiyo yanaanza.

"Sitoki."

Hakuambiwa mara ya pili. Watu walipokusanyika na vijana wale wakakimbia, sanduku lilikuwa pale pale chini ya kifua chake, na kidole kilikuwa sakafuni na wino wake. Kinu kilishinda kiti cha Vagaimedu kwa kura mia tatu na kumi na mbili.

Kesi ilifunguliwa. Mashahidi kumi na mmoja. Mmoja baada ya mwingine wakapanda kizimbani na macho makavu wakasema hawakuona kitu, walikuwa wanatazama kwingine. Ponraj, mwenyekiti wa Kinu wa wilaya, akamwita Pechiyammal pembeni. "Dada, tuyaache haya, tutazame mbele." Kesi ikafa bila hata neno moja la hukumu kuandikwa.

Badala yake wakampa shali. Kila uchaguzi walimpandisha jukwaani, wakamvika shali mabegani, wakamwinua ule mkono mbele ya watu: "Mkono huu ndio uliolinda kura zenu!" Makofi, vigelegele, fataki. Kilemba cha ukoka tu, na yeye alijua. Mkutano ukiisha alirudi nyumbani kwa miguu, akala wali wa jana uliolowekwa maji, na kitunguu, kisha akarudi kwenye majani. Kidole cha shahada cha kushoto ndicho kinachokunja ncha ya jani. Kutoka elfu alishuka hadi mia nne, na ikamchukua miaka sita kujifunza upya kwa kidole cha kati. Hata hivyo alivaa shali lao na kuinua mkono wao, kwa sababu alikiamini chama, na kwa sababu mtu akishatoa kidole ni vigumu kukubali kwamba alikitoa bure.

Uchaguzi huu wa juzi ulianza na mgao wa viti. Vyama vilikuwa vimejipanga katika miungano miwili, na kila siku magazeti yalieleza nani kahama na nani kahamiwa, mpaka watu wakachoka kufuatilia. Gurudumu walikuwa muungano wa pili, si ule wa Kinu. Wakataka viti arobaini huko, wakapewa ishirini na tatu, wakasusa. Jumatatu waliwaita Kinu wezi. Alhamisi walikuwa wanakunywa nao chai mbele ya kamera. Na katika kugawana, kiti cha Vagaimedu wakaachiwa Gurudumu, na Gurudumu wakamsimamisha Sudalaimani.

Chelladurai, katibu wa Kinu wa tarafa, ndiye aliyetumwa kumwambia Pechiyammal. Alifika asubuhi na pikipiki, akakaa kwenye kizingiti, akakataa chai. Chelladurai kukataa chai! Pechiyammal akajua hakuna jema.

"Dada Pechi, umesikia habari za kiti."

"Nimesikia. Nikadhani redio imeharibika."

"Siasa, dada. Ndiyo muungano huo. Sasa Jumamosi kuna mkutano mkubwa uwanjani, na watu wa juu wanakutaka jukwaani. Mwinuane mikono, wewe na mgombea. Picha moja tu. Wapiga kura wetu wakikuona wewe, watakubali."

Pechiyammal aliacha kusokota. "Mkono upi?"

Chelladurai akatazama viatu vyake. "Huo huo. Watu wameuzoea." Akakohoa. "Ila kuna vijana wa upande wa pili wanachochea maneno ya kidole kwenye simu. Kwa hiyo utapewa kipaza sauti, useme sentensi mbili tu. Kwamba kidole... kwamba ilikuwa mashine ya kusaga."

"Mashine gani ya kusaga?"

"Ya nyumbani tu. Ya kusagia unga wa mchele."

"Ile mliyotugawia nyinyi uchaguzi uliopita? Ile hata mchele haikuweza kukata, ikate kidole?"

"Dada, usinifanyie hivyo."

"Chelladurai, ulikuwepo siku ile. Ulitorokea dirishani, kanzu yako ikanasa kwenye msumari."

Kisha akasema lile alilotumwa kulisema mwisho, na akalisema akiwa ameshasimama. Esakki alikuwa mpishi wa muda wa chakula cha mchana pale shuleni, mwaka wa saba sasa anasubiri barua ya ajira. Barua ilikuwa tayari. Ilikuwa mezani kwa wakubwa. Ingefika Jumatatu baada ya mkutano, au isifike kabisa, na huyo mpishi wa muda naye nafasi yake ingepewa mwingine.

Alipoondoka, Pechiyammal aliurudia ungo wake wa majani.

Na kana kwamba hayo hayatoshi, mchana wa siku ya pili akaja Ponraj. Ponraj yule yule wa "tutazame mbele"! Alikuwa ameshahama Kinu zamani na sasa yuko muungano wa pili, shati jeupe, pete vidole vyote. "Dada yangu," akaanza na machozi yake ya karibu, "wanataka kukudhalilisha. Njoo jukwaani kwetu. Waonyeshe watu mkono, useme ukweli mtupu."

"Ukweli wangu ulikuwa na miguu kumi na moja mahakamani, wewe ukaikata yote. Leo ndiyo umeuona?"

"Yale yalikuwa mazingira..."

"Ondoka, Ponraj, kabla sijakumwagia maji ya majani."

Akaondoka. Huyu anataka mkono ufiche ukweli, yule anataka mkono uuonyeshe, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenye mkono kama bado unamuuma wakati wa baridi. Unauma.

Esakki aliporudi kutoka kazini alikuwa ameshasikia yote, kwa maana pale shuleni hawana siri. Alikaa chini bila kuvua kandambili. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na watoto wawili, na mume aliye mbali anakojenga maghorofa ya watu.

"Mama, utakwenda?"

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nasema kidole hakirudi." Alisema taratibu, akitazama ukuta. "Barua inaweza kuja. Kidole hakirudi."

Pechiyammal hakumlaumu. Angemlaumu vipi? Miaka saba binti anakoroga masufuria ya watoto mia mbili kwa kibarua cha kuombaomba. "Basi nitakwenda," akasema. Na kweli alidhamiria. Kwa siku tatu alisokota majani huku anajifundisha sentensi: ilikuwa mashine ya kusaga, sisi sote ni ndugu. Kila aliposema neno "ndugu" ulimi ulikuwa mchungu.

Jumamosi uwanja ulijaa. Bendera za Kinu na za Gurudumu zimefungwa mti mmoja, kwenye uwanja ule ule ambapo zamani wafuasi wao walitupiana mawe. Pechiyammal akavikwa shali, rangi mbili sasa, nusu ya Gurudumu nusu ya Kinu. Sudalaimani akapanda. Amenenepa, anatafuna tambuu, ananukia manukato. Mpiga picha akapiga kelele, "Mikono juu!" na Sudalaimani akaushika mkono wa kushoto wa Pechiyammal, akauinua pamoja na wake. Kiganja chake kilikuwa laini na cha moto. Mwili wote ukamsisimka kwa kinyaa, lakini akatabasamu. Kwa ajili ya Esakki akatabasamu.

Kamera zikimulika, Sudalaimani alihisi pengo pale kidole kilipokuwa. Akalipapasa kwa dole gumba. Akamwinamia, kwa upole kabisa, upole wa mtu anayeomba kura:

"Pole, dada. Kidole hiki kilikuwa na nini?"

Pechiyammal akamtazama usoni. Alitafuta kejeli, hakuona. Alitafuta woga, hakuona. Hakuna kitu. Mtu huyu hakuwa anaficha, alikuwa amesahau! Pechiyammal alikuwa amembeba moyoni miaka ishirini na mitano, amemchukia asubuhi na jioni, amejifunza upya kukunja jani kwa sababu yake, na mwenyewe hakumbuki. Kwake ilikuwa alasiri moja tu, kazi kama kazi.

Chelladurai akamsogezea kipaza sauti, anamkonyeza: sentensi mbili.

"Mgombea wetu," Pechiyammal akasema, na sauti yake ikazunguka uwanja mzima, "ameniuliza sasa hivi kidole changu kilikuwa na nini. Kilikuwa na wino. Alikikata yeye, darasa la tatu, mimi nimelalia sanduku la kura zenu. Hamkumbuki nyinyi? Yeye hakumbuki."

Hakufika mbali zaidi ya hapo. Chelladurai alimpokonya kipaza sauti, mtu mwingine akafungulia nyimbo za chama kwa sauti ya juu, na ngoma zikaanza kupigwa hovyo. Pechiyammal alivua shali, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti, akashuka. Kwenye bomba la nje ya uwanja alinawa mkono ule, akarudia kwa majivu, akarudia tena, na bado alisikia harufu ya manukato.

Barua haikuja. Jumanne mwalimu mkuu alimwambia Esakki asihangaike kuja, jiko limepata mtu. Esakki akarudi, akachukua ungo, akakaa kando ya mama yake kusokota majani, na siku tisa hakumsemesha ila neno la lazima: lete mkasi, maji yamechemka. Pechiyammal hakuomba msamaha. Angeomba kwa lipi? Lakini usingizi ulimpaa, na alipomwona binti yake anafunga vidole matambara kwa kutozoea majani, alijiuliza kama si yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa na ubinafsi kuliko wote.

Siku ya kura walikwenda pamoja, maana kituo kilikuwa kimoja: shule ile, darasa lile la tatu. Madawati mapya, sakafu ile ile. Siku hizi hakuna sanduku, kuna mashine, na kwenye benchi walikaa mawakala wa miungano yote miwili wakigawana njugu. Chelladurai alikuwa mmoja wao.

Esakki alitangulia, akapakwa wino. Kisha msimamizi, msichana mgeni aliyeletwa kutoka wilaya ya mbali, akanyoosha kijiti chake. "Kidole cha shahada, mama. Cha kushoto." Akaona mkono, akasita. "Samahani. Inabidi niandike kwenye daftari kwa nini natumia kidole kingine. Hiki kilipatwa na nini?"

Njugu zikaacha kutafunwa. Pechiyammal akafungua mdomo, akamtazama binti yake, akaufunga. Alikuwa amekwisha kumgharimu vya kutosha.

Esakki akageuka kutoka kwenye mashine, kabla hata hajabonyeza.

"Andika kilikatwa na Sudalaimani wa Gurudumu," akasema.

Msichana akaishusha kalamu. "Dada, siwezi kuandika jina la mgombea humu."

"Basi andika kilikatwa chumba hiki hiki, siku ya uchaguzi, alipokuwa analinda sanduku. Hilo unaweza. Au muulize yule bwana mwenye njugu, alikuwepo. Kaka Chelladurai! Ni uongo?"

Chelladurai aliinamia karatasi zake. "Si uongo," akasema kwenye karatasi.

Msichana akaandika. Aliandika polepole, kwa herufi za shuleni, na Pechiyammal, ambaye kusoma kwake ni kwa kubabaisha, alifuata kila neno mpaka nukta ya mwisho. Kisha akanyoosha kidole cha kati kipakwe wino.